Mapezi ya Penguin

Angalia mikono ya Penguin. Kwenye Batman: The Animated Series, ile katuni iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1992, Oswald Cobblepot hana vidole vitano kama mimi na wewe. Vidole vyake vimeshikana kama mguu wa bata, na akibeba mwavuli wake unaona kabisa ni pezi limebeba mwavuli. Ukirudi kwenye vibonzo, ambako alizaliwa 1941, unakuta jamaa mfupi, mnene, mwenye kofia ndefu na pua kali, lakini mikono yake ni ya binadamu. Halafu songa mbele hadi 1997, katuni inaporudi hewani kwa jina The New Batman Adventures. Sauti ya Penguin ni ile ile, na Bruce Timm bado ndiye anayeamua michoro, ila vidole vimerudi. Hakuna kipindi kinachoeleza. Hakuna daktari, hakuna upasuaji. Na pale Gotham hakuna msee hata mmoja aliyeuliza.

Maelezo yako nje ya katuni. Juni 1992 ilitoka Batman Returns, filamu ya pili ya Tim Burton kuhusu Batman. Ndani yake Danny DeVito alicheza Penguin aliyezaliwa na mapezi, akatupwa majini na wazazi wake matajiri akiwa mchanga, akakulia chini ya mji kwenye mitaro ya maji taka. Filamu na katuni zote zilikuwa za Warner Bros., na zilipishana kwa miezi mitatu tu. Wakubwa hawakutaka mtoto atoke sinema na Penguin wa mapezi kichwani, kisha awashe runinga amkute mwingine kabisa, na huku vikaragosi vya filamu vimejaa madukani. Kwa hivyo neno likashuka kwa wachoraji: Penguin na Catwoman wafanane na wale wa filamu.

Hilo ni jibu sahihi, na mashabiki wengi huishia hapo. Ukiuliza jinsi filamu inavyoathiri katuni, utapewa orodha ya mavazi: kofia imetoka huku, gari limetoka kule, nywele ni za fulani. Mimi nadhani mavazi ndiyo sehemu nyepesi ya hadithi hii. Filamu ikiipa katuni mwili, katuni inaweza kuishi ndani ya mwili huo vizuri kuliko filamu yenyewe. Balaa huanza filamu inapoamua nani asionekane kabisa. Na kuhusu deni, nani anamdai nani, hesabu zetu huwa zimegeuzwa juu chini.

Tulipokuwa wadogo mgawanyo ulikuwa rahisi. Kulikuwa na katuni na kulikuwa na muvi ya watu. Katuni ilikuwa ya kutuliza watoto, muvi ya watu ndiyo ilikuwa kitu serious, ile ya wakubwa kukuambia ufunike macho. Tumekua, tunalipa kodi ya nyumba, na mgawanyo huo bado tunatembea nao. Ukimwambia mtu kwamba Batman bora kuwahi kuwekwa kwenye skrini ni wa kuchorwa, anakuangalia kama umesema umeacha kazi.

Wacha tuanze na filamu ilichotoa, kwa sababu ilitoa kingi. Kabla ya 1989, mtu wa kawaida akisikia Batman alimkumbuka Adam West wa runinga ya miaka ya 1960, mwenye kitambi kidogo na maneno ya mzaha, na katuni zilizofuata ziliendelea na hali hiyo ya mchana kweupe. Batman ya Burton ya 1989 ilibadilisha mambo. Mji wake ulibuniwa na Anton Furst, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo na kufariki 1991, kabla hata katuni haijatoka. Gotham ya Furst ni mji ambao ni kama hakuna mtu aliyewahi kuomba kibali cha ujenzi: majengo yamebanana, yamepanda bila mpango, moshi unatoka ardhini, jua halifiki chini. (Mkaazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi.) Majambazi wamevaa kofia za miaka ya 1940, huku runinga na kompyuta za kisasa ziko hapo hapo. Huwezi kusema ni mwaka gani.

Bruce Timm na Eric Radomski walichukua mji huo wakauchora. Lakini angalia walivyouchora. Mandhari ya katuni kwa kawaida huchorwa kwenye karatasi nyeupe, giza linaongezwa pale linapohitajika. Radomski alitaka mandhari yachorwe kwenye karatasi nyeusi. Yaani giza liko tayari kabla msanii hajashika brashi, na kazi yake ni kuweka mwanga: dirisha moja, taa ya barabarani, ukingo wa paa. Ndiyo maana Gotham ile inaonekana kama mji ambao mwanga wake umekopwa. Burton alikuwa na mamilioni ya dola ya kujenga mitaa mizima kwenye studio nje ya London. Wale wa katuni walikuwa na karatasi nyeusi, na kumbukumbu ya katuni za Superman zilizotengenezwa na studio ya ndugu wa Fleischer mwanzoni mwa miaka ya 1940. Filamu iliwapa ruhusa ya kuwa na giza. Jinsi ya kulichora walijua wenyewe.

Muziki nao ulifuata njia hiyo hiyo. Wimbo wa mwanzo wa katuni unatokana na muziki wa Danny Elfman wa filamu ya 1989, na unaambatana na dakika moja ya picha ambayo haitaji hata jina la kipindi. Huhitaji jina, umeshajua ni nani huyo juu ya paa. Lakini anayebeba muziki wa vipindi vyenyewe ni Shirley Walker. Huyu mama ndiye aliyeongoza okestra wakati muziki wa Elfman unarekodiwa 1989. Akaja kwenye katuni, akamtungia Batman mdundo wake mwingine, wa huzuni zaidi, na akasisitiza okestra halisi kwa katuni ya watoto wanaotoka shule. Sikiliza kipindi chochote ukiwa umefumba macho. Utasikia kwamba hakuna mtu aliyemwambia kuwa hii ni kazi ndogo.

Sasa turudi kwa mapezi. Kuna kipindi cha 1993 kinachoitwa Birds of a Feather. Penguin ametoka jela na safari hii ameamua kweli kuacha uhalifu. Anarudi kwake akidhani marafiki wamemwandalia karamu, na hakuna mtu, isipokuwa Batman aliyekuja kumchunga. Wakati huo huo Veronica Vreeland, binti tajiri wa mjini, anatafuta kitu cha kufanya karamu yake iongelewe. Yeye na rafiki yake Pierce wanapata wazo: wamwalike mhalifu maarufu. Penguin awe burudani bila yeye kujua. Jamaa anavaa vizuri, anaongea Kiingereza chake cha mviringo, anabusu mikono, anampenda Veronica kwa moyo wake wote. Anamnunulia kito. Halafu anasikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba yeye ni kichekesho cha usiku huo.

Kinachouma zaidi ni kwamba Veronica alikuwa ameanza kumwonea huruma ya kweli. Amechelewa tu.

Linganisha na filamu. Penguin wa DeVito anatoka mtaroni, anagombea umeya, na mpango wake ni kuwateka watoto wa kwanza wa matajiri wa Gotham, kama yeye alivyotupwa. Ni hasira ya kitoto, kubwa, ya kutisha, na DeVito anaicheza bila aibu. Mwili wake na nia yake ni kitu kimoja: anaonekana mnyama, anafanya unyama. Penguin wa vibonzo vya zamani naye alikuwa na mwili na nia zinazoendana, muungwana mwizi mwenye vidole vya muungwana. Katuni ikalazimishwa kuchukua mwili wa mmoja, ikaamua kubaki na tabia za mwingine. Ghafla kuna mtu mwenye lugha nzuri, koti refu na mapenzi ya opera, ndani ya mwili ambao watu wa opera hawataki kuketi naye. Hadithi nzima ya Birds of a Feather iko kwenye huo mgongano. Mapezi yaliyobuniwa ili yatishe, hapa yanaaibisha. Kila anaponyoosha mkono kumsalimu mtu wa tabaka la juu, sisi tunaangalia mkono, na tunajua wao pia wanaangalia.

Agizo la kibiashara, la kuuza vikaragosi, limezaa mojawapo ya hadithi nzuri zaidi za tabaka nilizowahi kuona kwenye runinga ya watoto. Sidhani aliyetoa agizo alijua. Na vidole viliporudi 1997, Penguin akawa mwenye klabu ya usiku, Iceberg Lounge, anauza habari chini ya meza, suti safi, mwerevu. Ni Penguin poa. Lakini hana tena kitu cha kuficha anapokusalimu.

Isionekane kwamba katuni ilishinda kila mahali. Kwa Catwoman ilishindwa, na ilishindwa vibaya. Selina Kyle wa Michelle Pfeiffer ni sekretari anayetumwa chai, anayekatizwa kwenye mikutano, ambaye bosi wake Max Shreck anamsukuma nje ya dirisha kwa sababu amejua siri. Anarudi nyumbani akiwa nusu mfu, anavunja vunja nyumba yake ya rangi ya waridi na kujishonea vazi kwa mkono. Mishono inaonekana. Kila mwanamke ambaye amefanya kazi kwenye ofisi na mwanaume aliyezoea kusikilizwa anajua ile hasira inatoka wapi. Katuni ilichukua nywele za rangi ya dhahabu za Pfeiffer, ikaacha hasira. Selina wa katuni ni mwanamke mwenye pesa anayepigania wanyama pori, na hadithi yake ya kwanza, The Cat and the Claw, inahusu shamba la simba wa milimani. Hadithi hiyo ndiyo ilitangulia kuonyeshwa, 5 Septemba 1992, ingawa On Leather Wings ilikuwa imetengenezwa kabla yake. Filamu ilikuwa bado moto, Catwoman alikuwa anauza. Sasa fikiria umepewa nafasi ya kufungua mlango, na mlangoni unamweka mtu aliyevaa wigi la mwenzake. 1997 walimpa nywele nyeusi fupi, akapata ukali kiasi. Mishono ile hajawahi kuipata.

Kwa hivyo kuazima mwili peke yake hakutoshi. Inategemea kama mwandishi ana cha kusema na huo mwili. Waandishi wale walikuwa na mengi ya kusema kuhusu wanaume wapweke. Kuhusu mwanamke aliyesukumwa dirishani, hata kidogo.

Kwa Joker kuna tofauti nyingine, na hii ni ya muda. Filamu lazima iishe. Burton alimpa Joker wa Jack Nicholson jina, Jack Napier, akamfanya ndiye aliyewaua wazazi wa Bruce Wayne, kisha akamwangusha kutoka juu ya kanisa kuu. Mduara umefungwa, taa zinawaka, nenda nyumbani. Katuni haiwezi kufanya hivyo. Joker lazima awepo wiki ijayo. Katuni ilichukua kutoka kwa Nicholson ile harufu ya jambazi wa zamani mwenye suti, ikakataa kabisa mambo ya wazazi. Muuaji wa wazazi anapofungiwa ndani ya mhusika mmoja, kila wakikutana ni lazima iwe kisasi. Bila hilo, Joker wa katuni anakuwa huru kuwa na siku za kawaida. Ana maskani, ana vijana wa kutuma, anachoka, anachokozwa barabarani.

Barabarani, ndiyo. Kipindi kinaitwa Joker's Favor. Charlie Collins, karani asiye na makuu, siku imemwendea vibaya, yuko kwenye jam. Gari moja linamkata mbele. Anatoa kichwa dirishani, anatukana. Dereva anageuka: ni Joker. Manze! Nani kati yetu hajawahi kumpigia makelele dereva Mombasa Road bila kuuliza ni nani? Joker hamwui. Anamwachia uhai kwa sharti kwamba siku moja atamdai msaada mdogo, anachukua leseni yake ya udereva, na miaka miwili baadaye anampigia simu. Msaada wenyewe ni kufungua mlango tu. Filamu ya saa mbili ya mamilioni ya dola haina nafasi ya Charlie Collins. Lazima ijae watu wakubwa wanaofanya mambo makubwa. Dakika 22 za katuni ndizo zina nafasi ya mtu mdogo aliyetukana gari lisilofaa.

Na katika kipindi hicho hicho, mwandishi Paul Dini alihitaji mtu wa kumsaidia Joker kuingiza keki ukumbini. Akambuni msichana mwenye vazi la mchekeshaji wa jumba la mfalme, akamwita rafiki yake Arleen Sorkin aifanye sauti. Ndivyo Harley Quinn alivyozaliwa, Septemba 1992. Hakutoka kwenye filamu wala kwenye vibonzo. Alitoka kwenye hitaji la keki.

Mtu wa Star Wars hapa atanikumbusha kesi yake, na ana haki. The Clone Wars ilianza 2008, miaka mitatu baada ya Revenge of the Sith kutuonyesha mwisho: Anakin atageuka, Jedi watauawa. Katuni iliwekwa katikati ya filamu mbili kama mtu wa kiti cha kati kwenye matatu, hawezi kujinyoosha upande wowote. Ikamtia Ahsoka Tano, mwanafunzi wa Anakin ambaye filamu haikuwahi kumtaja, na kwa sababu filamu haikumjua, yeye peke yake ndiye tusiyejua mwisho wake. Yaleyale ya Harley. Kilicho hai hutokea pale filamu haikuangalia.

Deni sasa. Mr. Freeze alianza kwenye vibonzo 1959 kwa jina Mr. Zero, mhalifu wa bunduki ya barafu na hakuna zaidi. Katuni, kwenye kipindi cha Heart of Ice, Septemba 1992, ikampa mke mgonjwa, Nora, aliyegandishwa akisubiri tiba, na bosi aliyekatiza jaribio lile ili kuokoa pesa za kampuni. Paul Dini alipata tuzo ya Daytime Emmy kwa uandishi huo. Freeze wa Heart of Ice karibu hana sauti ya hisia, anaongea kama mtu aliyelia hadi akaisha. Vibonzo vikachukua hadithi hiyo. Halafu 1997 Joel Schumacher akatoa Batman & Robin, na Nora yumo, ndani ya tangi lake la maji, na mumewe ni Arnold Schwarzenegger aliyepakwa rangi ya fedha, kila akifungua mdomo ni mzaha wa baridi. Filamu ilichukua jeraha la katuni, ikaligeuza kuwa sababu ya kusubiri mzaha unaofuata. Nimeitazama mara mbili, ya pili kwa ajili ya makala haya, na sina mpango wa mara ya tatu.

Watu huisema Batman & Robin kwa sababu ya mavazi na chuchu za mpira. Mimi naidai Nora.

Kufikia hapa ushawishi bado ni biashara ya kupeana, mmoja anachukua, mwingine anachukua, wengine wanaharibu. Baada ya 2004 ukawa kitu kingine. Christopher Nolan alikuwa anarudisha Batman sinema na Batman Begins ya 2005, na katuni mpya, The Batman, ilikuwa hewani kuanzia 2004 hadi 2008. Tazama misimu yake yote mitano. Scarecrow hayumo. Ra's al Ghul hayumo. Two-Face hayumo. Watu watatu ambao filamu za Nolan ziliwahitaji, hawaonekani hata kivuli. Upande wa pili, Justice League Unlimited, iliyokuwa na Batman wa Kevin Conroy yule yule, ikajikuta imepoteza maadui wa Batman karibu wote. Mashabiki waliita vikwazo, kama vile vya nchi. Hakuna anayekuambia uchore vipi, unaambiwa tu huyu usimguse, ana kazi mahali pengine.

Hapa ndipo natofautiana na wanaosema kwamba vikwazo huleta ubunifu. Najua mfano wao. The Batman ilikosa Two-Face, ikamuunda Ethan Bennett, mpelelezi mweusi, rafiki wa Bruce tangu zamani, ambaye Joker anamtesa hadi anageuka Clayface. Ni Harvey Dent kwa njia ya mzunguko, rafiki mwema anayepotea mbele ya macho yako, na ni kitu kizuri kuliko vyote kwenye msimu ule wa kwanza. Sawa, nakubali. Lakini usichukue ustadi wa waandishi ukaupa mwenye kufuli. Mtu akifungiwa jikoni akapika ugali kwa sufuria iliyotoboka, tunamsifu mpishi. Na tofauti na mapezi ni hii: mapezi yalikuja kama kitu mkononi, unaweza kukigeuza, kukicheka, kukilia. Kutokuwepo huwezi kukichora hata kwenye karatasi nyeusi.

Hadithi ya Harley nayo haikuishia kwenye keki. Kutoka kwenye katuni aliingia kwenye vibonzo, akakaa miaka, kisha 2016 Margot Robbie akamcheza kwenye Suicide Squad: nywele za dhahabu mikia miwili, mmoja bluu mmoja waridi, kaptura fupi. Filamu yenyewe, tuwe wakweli, ni fujo. Lakini ile sura ilishika. Ikaenda sokoni, ikaenda kwenye sherehe za Halloween, ikaenda kila mahali. Na 2019 ikaanza katuni ya watu wazima iliyopewa jina lake, Harley Quinn. Kwenye kipindi cha kwanza anaanza akiwa na vazi lake la zamani la mchekeshaji, lile la Dini na Timm. Anamwacha Joker. Na kumwacha kunaonyeshwa kwa kubadilisha nguo: vazi la 1992 linavuliwa, mikia miwili ya rangi inaingia. Ni kama binti wa kijiji aliyeenda mjini, akarudi krismasi na wigi mpya, na nyumbani wote wakakubaliana kwamba hivi ndivyo alivyokuwa siku zote.

Sina ugomvi na wigi. Ile katuni ni nzuri, ina matusi mengi na moyo mkubwa, na inajua inachofanya: inalitumia vazi la katuni kama kumbukumbu ya mwanaume mbaya, na vazi la filamu kama uhuru. Ugomvi wangu ni kwamba vijana wengi wakiona vazi jekundu na jeusi wanauliza limetoka wapi. Matatu nilizopanda zenye Joker ubavuni, karibu zote ni Heath Ledger. Sijawahi kuona hata moja ya Mark Hamill, ambaye amemcheza Joker miaka mingi kuliko wote waliowahi kupakwa rangi nyeupe usoni, na hakuhitaji rangi. Filamu ina uso, na uso ndio unaochorwa kwenye matatu. Sauti haichoreki.

Timm alirudi 2024 na Batman: Caped Crusader, kwenye Prime Video, vipindi kumi vya msimu wa kwanza. Matt Reeves, mwongozaji wa The Batman ya 2022, ni mmoja wa watayarishaji wakuu, kwa hivyo ungetarajia mvua yake na giza lake lile la kijivu. Hakuna. Ni miaka ya 1940 moja kwa moja, Penguin ni mwanamke, Oswalda, mama mwenye klabu juu ya meli na wana wanaomwogopa, na Harley ni daktari wa akili mwenye asili ya Asia ambaye hana habari na Joker. Hakuna filamu inayodaiwa nywele. Nilifurahi, na kufikia kipindi cha tano nilikuwa nimeanza kuchoka. Oswalda anaonekana vile alivyo na anafanya vile anavyoonekana, na kipindi chake kinaisha bila kukuachia kitu. Kizuri zaidi ni Harvey Dent, aliyepewa muda wa kuoza polepole, kipindi baada ya kipindi, jambo ambalo mwaka 2005 lisingeruhusiwa hata kwenye daftari.

Joker anatokea mwisho kabisa wa msimu, kwa sekunde chache. Msimu wa pili uliagizwa pamoja na wa kwanza, na nitautazama. Kicheko kikianza, najua tayari nitakilinganisha na cha nani, na si cha Nicholson.